Hati ya Madai Isomwe Kabla ya Kukataliwa

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ambayo katika juzuu za sheria za Tanzania ni Sura ya 33, inampa jaji au hakimu mamlaka ya kuikataa hati ya madai na kulimaliza shauri kabla shahidi hata mmoja hajala kiapo. Mamlaka hayo yamewekwa katika Amri ya VII, Kanuni ya 11, kwa maneno yasiyojaza hata ukurasa mmoja, na kwa mtu asiye mwanasheria yanaweza kuonekana kuwa mambo ya makarani na mihuri. Hata hivyo, mwenye kiwanja kilichovamiwa, mfanyabiashara aliyekopwa asilipwe na mfiwa anayegombea nyumba ya marehemu baba yake hukutana na kanuni hiyo mapema kuliko wanavyokutana na swali la nani mwenye haki, na wengine hawafiki kabisa kwenye swali hilo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kanuni hiyo iliandikwa iwe kazi ya mahakama, ifanywe mapema na kwa kuisoma hati yenyewe tu, ilhali mazoea ya miaka mingi yameigeuza kuwa silaha ya mdaiwa, inayochomolewa kwa kuchelewa, huku sehemu yake ya pili, ile inayomruhusu mdai kuirekebisha hati yake, ikiachwa ilale vitabuni.

Hati ya madai ni waraka ambao mdai, yaani mtu anayekwenda mahakamani kutafuta haki isiyo ya jinai, huutumia kufungulia shauri lake. Sheria inataka waraka huo utaje mahakama inayoletewa shauri, majina na makazi ya mdai na mdaiwa, mambo yanayounda kiini cha madai na wakati yalipotokea, mambo yanayoonyesha kwamba mahakama hiyo ina mamlaka ya kulisikiliza shauri, nafuu zinazoombwa, na thamani ya kinachobishaniwa ili ngazi ya mahakama na ada vijulikane. Shauri linapohusu ardhi, eneo lenyewe lazima lielezwe kwa namna isiyoacha shaka, kwa mipaka au kwa namba ya hati miliki, kwa sababu tuzo, yaani uamuzi rasmi wa mahakama unaoweza kukaziwa, haina faida ikiwa dalali wa mahakama atafika shambani asijue aanzie mwembe upi. Mambo hayo hutajwa kama mambo yaliyotokea, na ushahidi wa kuyathibitisha husubiri siku ya kusikilizwa.

Kanuni hizi hazikubuniwa Dar es Salaam. Tanganyika ilitumia Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya India ya 1908 mpaka Bunge lilipotunga sheria yake, Sheria Na. 49 ya 1966, ambayo ilichukua muundo na sehemu kubwa ya maneno ya ile ya India, hata mpangilio wa Amri na Kanuni ukabaki ule ule. Ndiyo maana wakili wa Mwanza au Arusha anayebishania Kanuni ya 11 bado hufungua vitabu vya wachambuzi wa India, na ndiyo maana hukumu za Nairobi, Kampala na New Delhi kuhusu jambo hili husomeka kana kwamba zimeandikwa na watu wa ukoo mmoja.

Kwa Tanzania Bara sababu za kuikataa hati ni tatu: hati isiyoonyesha kiini cha madai, hati ambayo nafuu zake zimethaminiwa chini ya thamani halisi, na mdai akaamriwa arekebishe ndani ya muda uliowekwa asifanye hivyo, na hati ambayo maelezo yake yenyewe yanaonyesha kwamba shauri limezuiwa na sheria fulani. Baada ya sababu hizo linafuata sharti, na humo ndimo uzito wote wa kanuni ulimo: pale ambapo hati haionyeshi kiini cha madai au inaonyesha kuzuiwa na sheria, lakini mahakama ikaridhika kwamba mdai akiruhusiwa kuirekebisha kasoro hiyo itaondoka, mahakama inaweza kumruhusu arekebishe, kwa masharti ya gharama au mengineyo itakayoona yanafaa.

Kiini cha madai ni jumla ya mambo ambayo mdai, yakikanushwa, hana budi kuyathibitisha ili ashinde. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Auto Garage dhidi ya Motokov lililoripotiwa 1971, ililiweka jambo hilo katika maswali matatu ambayo mpaka leo hayajapata mbadala ulio bora: je, hati inaonyesha kwamba mdai alikuwa na haki, je, inaonyesha kwamba haki hiyo ilivunjwa, na je, inaonyesha kwamba mdaiwa ndiye anayewajibika? Yote matatu yakionekana, kiini kipo, na upungufu mwingine wowote unaweza kutibiwa kwa marekebisho. Hakuna mahali ambapo mahakama hiyo ilitaka hati iwe fasaha, wala isiwe na makosa ya tarakimu au aya zinazojirudia.

Maswali hayo huonyesha nguvu yake pale hati inaposhikwa mkononi na kusomwa aya kwa aya. Hebu ichukuliwe hati ya kubuni ya aina inayofahamika katika masjala yoyote ya mahakama. Mdai anawashtaki watu watatu kwa kuvamia kiwanja chake. Aya ya nne inaeleza alivyokinunua, aya ya tano inasema mdaiwa wa kwanza alibomoa uzio, aya ya sita inasema mdaiwa wa pili alimwaga mawe na mchanga akaanza kujenga, na aya ya mwisho inaomba wote watatu waamriwe kuondoka na kulipa fidia. Jina la mdaiwa wa tatu linatokea mara mbili tu, kwenye kichwa cha hati na kwenye aya inayotaja anwani yake. Pengine huyo ndiye aliyeuza kiwanja mara mbili, na pengine kila mtu mtaani analijua hilo, lakini hati haisemi, na kwa hiyo dhidi yake hakuna kiini cha madai. Dawa yake ni aya moja inayoeleza alichofanya na lini.

Yapo mambo mawili ambayo mahakama za eneo hili zimeyasisitiza na ambayo wadaiwa huyasahau kwa urahisi. La kwanza ni kwamba swali hili hujibiwa kwa kusoma hati ya madai peke yake pamoja na viambatisho vyake, na kwa kuchukulia kwamba kila kilichodaiwa humo ni kweli. Ndivyo ilivyoamuliwa katika shauri la Jeraj Shariff dhidi ya Chotai Fancy Stores mwaka 1960. La pili, lililotokana na la kwanza, ni kwamba utetezi wa maandishi wa mdaiwa hauna nafasi katika zoezi hilo, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema hilo waziwazi katika shauri la Byombalirwa dhidi ya Agency Maritime Internationale lililoripotiwa 1983. Mdaiwa anayejibu kwamba saini kwenye mkataba si yake, kwamba deni lilikwisha kulipwa, au kwamba mdai ni mwongo anayejulikana wilaya nzima, anaweza kuwa anasema kweli tupu, lakini anazungumzia jambo la kusikilizwa kwa ushahidi. Dai dhaifu na dai lisilokuwepo ni vitu viwili tofauti, na Kanuni ya 11 inahusika na hilo la pili tu.

Karibu na kiini cha madai hukaa swali la nani mwenye haki ya kusimama mahakamani. Madai ya mali ya marehemu, kwa mfano, ni ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hivyo mtoto anayefungua shauri kwa jina lake mwenyewe kuidai nyumba ya baba, kabla hajateuliwa au bila msimamizi kuwepo, hujenga dai juu ya haki ambayo kisheria haijafika mikononi mwake. Familia nyingi hupoteza miaka hapa, na hasira yao inaeleweka, kwa kuwa kwa mila na kwa dini wao wanajihesabu warithi tangu siku ya maziko. Lakini kasoro hii haiponi kwa kuongeza aya. Inahitaji kwanza kwenda kwenye mahakama ya mirathi, na mahakama inayomwambia mtoto huyo hivyo mwezi wa kwanza inamfanyia wema kuliko ile inayomwambia mwaka wa nne.

Sababu ya kuzuiwa na sheria ndiyo pana kuliko zote, na ndiyo yenye mitego mingi. Mfano unaozoeleka ni ukomo wa muda. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai yatokanayo na mkataba, miaka 3 kwa madhara ya kiraia kama vile uzembe au kashfa, na miaka 12 kwa kudai ardhi. Muda huo huhesabiwa kuanzia siku haki ya kudai ilipozaliwa, na hapo ndipo hati ya madai inapoweza kumponza mwenyewe. Mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo anayeandika katika hati iliyosajiliwa Juni 2024 kwamba mdaiwa alichukua mzigo wa shilingi 40,000,000 Machi 2017 na kuahidi kulipa ndani ya siku 30, asiseme lolote zaidi, amejifungia mlango kwa kalamu yake mwenyewe, kwa kuwa tangu Aprili 2017 hadi Juni 2024 imepita zaidi ya miaka 6.

Lakini huenda mwaka 2019 mdaiwa huyo alimwandikia barua yenye saini akikiri deni na kuomba avumiliwe, au alilipa sehemu. Sheria ya Ukomo inasema kwamba kukiri deni kwa maandishi yenye saini, au kulipa sehemu yake, kabla muda haujaisha, kunaufanya muda uanze kuhesabiwa upya. Amri ya VII kwa upande wake inamtaka mdai anayetegemea msamaha wa aina hiyo auonyeshe ndani ya hati. Barua ikiwemo kabatini isiwemo kwenye hati, shauri linaonekana limepitwa na wakati ingawa kwa kweli halijapitwa. Huyu ndiye mtu ambaye sharti la Kanuni ya 11 liliandikiwa. Mahakama haina budi kujiuliza kama ugonjwa uko katika maandishi au uko katika mambo yenyewe yaliyotokea: ukiwa katika maandishi, hati irekebishwe, ukiwa katika mambo yenyewe, hakuna kalamu itakayouponya.

Tofauti hiyo hiyo inatenganisha mafungu mengine ya mashauri yaliyozuiwa na sheria. Anayetaka kuishtaki Serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na marekebisho ya sheria ya 2020 yalilipanua takwa hilo lifike kwenye halmashauri, wakala na mashirika ya umma, yakataka pia Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe katika shauri. Mwanakijiji aliyempa mkurugenzi wa halmashauri notisi, akapigiwa muhuri wa kupokelewa, kisha mwandishi wa hati akasahau kuitaja, ana kasoro ya maandishi. Jirani yake ambaye hakutoa notisi kabisa ana kasoro ya mambo yenyewe, na hata akiruhusiwa kurekebisha hati mara kumi hawezi kuzizalisha siku 90 zilizopita. Vivyo hivyo kwa migogoro ya ardhi: tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipaswi kusikiliza shauri la umiliki bila Baraza la Kata kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa pale ambapo Baraza la Kata limekaa siku 30 bila kusuluhisha. Uthibitisho uliosahauliwa kuambatishwa ni jambo moja, na safari ya kwenda kata ambayo haikufanyika ni jambo jingine.

Sheria inasema pia kwamba kuzuiwa huko kuonekane kutokana na maelezo ya hati. Maneno hayo hayako pale kwa urembo. Pingamizi kwamba jambo lilikwisha kuamuliwa kati ya wahusika wale wale, kwa mfano, mara nyingi haliwezi kuamuliwa bila kufungua jalada la shauri la awali, kulinganisha wahusika na kupima kilichobishaniwa, na kazi hiyo inavuka mipaka ya kusoma hati. Isipokuwa mdai mwenyewe ameambatisha hukumu ya kwanza, pingamizi la namna hiyo linapaswa kusubiri ushahidi.

Sababu ya thamani ndogo haihitaji maneno mengi. Yenyewe haina makali, kwa kuwa sheria inaitaka mahakama impe mdai muda wa kurekebisha kabla ya kumkatalia. Kasoro ya upande wa pili ndiyo inayosumbua zaidi, yaani kukuza thamani ili shauri lipande ngazi. Mahakama ya Rufani, katika shauri la kiwanda cha nguo cha Urafiki dhidi ya Masista wa Usambara lililoripotiwa 2006, ilisema kwamba kinachoamua ngazi ya mahakama ni dai la msingi, wala si fidia ya jumla ambayo kiasi chake hukadiriwa na mahakama yenyewe. Mdai mwenye deni la shilingi milioni 15 hapandi Mahakama Kuu kwa kuongeza shilingi milioni 500 za maumivu ya moyo. Hata hapo, tiba iliyowekwa na Amri ya VII kwa shauri lililoletwa mahakama isiyo yake ni kuirudisha hati ili ipelekwe panapostahili, jambo ambalo ni tofauti na kuikataa.

Majirani wameongeza na kupunguza. Uganda, katika Amri yake ya 7, Kanuni ya 11, inazo sababu tano, zikiwamo ada pungufu na shauri la upuuzi au la kusumbua tu. Kenya iliondoka kwenye muundo wa India, na Kanuni zake za 2010 zinairuhusu mahakama kufuta maandishi ya upande wowote ambayo hayana sababu ya msingi ya madai, ni ya kashfa au upuuzi, yanaweza kuchelewesha usikilizwaji wa haki, au ni matumizi mabaya ya utaratibu wa mahakama. Wigo huo ni mpana, na kinachouzuia usiwe panga la kila mtu ni msimamo uliowekwa na Jaji Madan katika shauri la D.T. Dobie dhidi ya Muchina, kwamba shauri lisiondolewe kwa njia ya mkato ila pale linapoonekana wazi kuwa halina tumaini na haliponyeki hata kwa marekebisho, kwa kuwa lengo la mahakama ni kulihifadhi shauri kuliko kuliua. Msimamo huo umenukuliwa katika mahakama za Kenya mara nyingi kiasi kwamba umekuwa kama kanuni yenyewe.

India, iliko chimbuko la yote haya, imeonyesha pia upande wa pili wa jambo, ambao haki haiwezi kutendeka ukipuuzwa. Katika shauri la Arivandandam la 1977, Jaji Krishna Iyer aliwahimiza mahakimu waisome hati kwa maana yake na kuacha kutekwa na ufundi wa maneno, na pale ujanja wa kuandika unapojenga kivuli cha dai lisilokuwepo, waukate tangu mwanzo. Alikuwa na sababu. Mtu anayeburutwa mahakamani kwa dai la hewa anatumia fedha, anakosa usingizi, na pengine kiwanja chake kinafungwa kwa amri ya zuio kwa miaka. Kuikataa hati ya mdai wa namna hiyo ni haki kwa mdaiwa, na mahakama inayoogopa kukataa inakosea sawasawa na ile inayokataa ovyo.

Matokeo ya uamuzi hutegemea jina ulilopewa, na hapa magazeti yana sehemu ya lawama kwa kuandika kila mara kwamba kesi “imetupiliwa mbali”. Hati ikikataliwa chini ya Kanuni ya 11, sheria inamwacha mdai huru kuleta hati mpya juu ya kiini kile kile. Na kwa kuwa tafsiri ya tuzo katika Sura ya 33 inajumuisha kukataliwa kwa hati, anaweza pia kukata rufaa. Shauri likiondolewa kwa sababu lilifunguliwa vibaya, mlango nao unabaki wazi, na msingi wa tofauti hiyo ulijadiliwa tangu 1959 katika rufaa ya Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo dhidi ya Alimahomed Osman, ambapo mahakama ilieleza kwamba kulitupa jambo kunamaanisha lilikuwa halali kufikishwa mahakamani na limeamuliwa, ilhali kuliondoa kunamaanisha halikustahili kuwepo. Lakini kwa shauri lililopitwa na wakati, Sheria ya Ukomo yenyewe inatumia neno la kutupa, na baada ya hapo hakuna kufungua upya. Mfanyabiashara wa vitenge aliyetajwa, mwenye barua ya kukiri deni kabatini, anaweza kupoteza shilingi milioni 40 moja kwa moja kwa sababu ya sentensi moja iliyokosekana, na hilo peke yake latosha kuonyesha kwa nini sharti la marekebisho si jambo la hisani.

Mazoea yenyewe yako namna gani? Hati husajiliwa, siku hizi kwa njia ya mfumo wa kielektroniki ambao kanuni zake zilitungwa 2018; ada hulipwa; hati ya wito hutoka; mdaiwa hupewa siku 21 za kuleta utetezi wake wa maandishi; na ndani ya utetezi huo, au pamoja nao, huja karatasi yenye kichwa “pingamizi la awali”, ikidai kwamba hati haina kiini cha madai au imezuiwa na sheria. Tarehe hupangwa, mara nyingi mawakili huomba wabishane kwa maandishi, ratiba ya hoja, majibu na majibu ya ziada huwekwa, na uamuzi husubiriwa. Miezi kadhaa baadaye mahakama inatangaza kwamba hati, ambayo ilikuwa mbele yake tangu siku ya kwanza na ambayo ndiyo pekee iliyopaswa kusomwa, ina kasoro. Mdai anaamriwa kulipa gharama za safari yote hiyo.

Tatizo hili lina umri. Katika shauri la Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors la 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu inayojengwa juu ya dhana kwamba maelezo ya upande wa pili ni sahihi, na Rais wa mahakama hiyo, Sir Charles Newbold, alilalamika kwamba kuleta kama pingamizi mambo yanayopaswa kubishaniwa kwa njia ya kawaida kunaongeza gharama na kuvuruga hoja za msingi, akataka tabia hiyo ikome. Zaidi ya nusu karne imepita, na Mukisa Biscuit ndiyo hukumu inayonukuliwa na wale wale wanaoleta mapingamizi ya namna aliyoikemea.

Kilichoongeza uchungu ni msimamo uliokua katika mahakama za Tanzania kwamba pingamizi likishawasilishwa, upande unaopingwa hauruhusiwi kurekebisha nyaraka zake ili kulikwepa. Kwa rufaa na maombi, ambako nyaraka huandaliwa baada ya jambo kwisha kusikilizwa, msimamo huo una mantiki yake. Kwa hati ya madai, ambayo sheria imeiwekea sharti la wazi la marekebisho ndani ya kanuni ile ile inayoruhusu ikataliwe, msimamo huo ukitumiwa bila kupambanua unaifuta nusu ya kanuni iliyotungwa na Bunge. Haihitajiki hapa kukimbilia Ibara ya 107A ya Katiba, inayozitaka mahakama zisibanwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, wala marekebisho ya 2018 yaliyoingiza lengo kuu la kutenda haki kwa wakati na kwa gharama nafuu. Mahakama ya Rufani yenyewe, katika rufaa ya Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries, ilionya kwamba lengo kuu haliwezi kutumiwa kufunika ukiukwaji wa masharti ya lazima yanayogusa mzizi wa shauri, na onyo hilo ni sahihi. Anayetetea marekebisho ya hati haombi sheria ipindwe. Anaomba isomwe mpaka mwisho.

Njia iliyo karibu ni hati kusomwa na jaji au hakimu kabla hati ya wito haijatoka. Akiona kasoro, amwite mdai, amwonyeshe aya inayokosekana, amsikilize, kisha aamue kwa amri fupi yenye sababu: irekebishwe ndani ya siku 14, irudishwe ipelekwe mahakama nyingine, au ikataliwe. Mdaiwa hajatumia hata senti, kwa hiyo hakuna gharama za kulipana. Kumwita mdai ni lazima, kwa kuwa Mahakama ya Rufani imebatilisha mara nyingi maamuzi ya mahakama za chini zilizojiibulia hoja na kuiamua bila kuwasikiliza wahusika.

Yatasemwa mawili dhidi ya pendekezo hili. La kwanza ni wingi wa kazi. Lakini hati hiyo hiyo itasomwa tu, ila itasomwa baadaye pamoja na kurasa nyingi za mabishano, na ni nani asiyejua kwamba kurasa nne zinasomeka haraka kuliko arobaini? La pili, lenye uzito zaidi, ni kwamba mahakama itaonekana inamsaidia mdai kujenga dai lake. Hapa mpaka unaweza kuchorwa: hakimu anaeleza kinachokosekana, hamwandikii cha kusema, na sharti la Kanuni ya 11 lilikwisha kuchagua upande katika jambo hilo tangu 1966. Ikumbukwe pia ni nani anayeumia zaidi. Kampuni yenye mawakili wake hurudi wiki inayofuata na hati safi. Mjane aliyeandikiwa hati na wakili kishoka kwenye kibanda cha jirani na mahakama hana nauli ya kurudi mara ya pili. Tangu 2021, ambapo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama, angalau anaweza kuisoma hati kabla ya kuweka saini kwenye uthibitisho kwamba yaliyomo ni ya kweli, jambo ambalo kwa miaka mingi wadai walilifanya kwa kuamini maneno ya mwandishi.

Hakuna neno hata moja la Kanuni ya 11 linalohitaji kubadilishwa ili haya yatendeke. Waraka wa Jaji Mkuu kwa mahakama zote unatosha, na unapaswa kutolewa. Wakati ukisubiriwa, mdai anayekaribia kusaini hati yake na akague mambo manne: kama kila mdaiwa ametajwa alichokifanya, kama tarehe zilizomo hazivuki ukomo bila maelezo, kama notisi au uthibitisho unaotakiwa umetajwa na kuambatishwa, na kama mahakama iliyoandikwa juu ya ukurasa ndiyo yenye mamlaka. Hati ikikataliwa hata hivyo, ana haki ya kuleta nyingine, mradi muda wa ukomo haujamwishia akiwa bado anabishania ile ya kwanza.